Funza wa Nzi Askari Mweusi katika Chakula cha Kuku na Samaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mwanza na Kando ya Ziwa

Majibu haya yametokana na maswali ambayo wafugaji wa Kisesa, Igoma, Buhongwa na Ukerewe huniuliza kila wanapofika bandani kwangu na kuyaona mabeseni ya funza yakichemka kama uji motoni. Nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo humtia mfugaji hasara, na kwa ufupi pale ambapo jambo lenyewe ni jepesi.

Funza anayezungumziwa hapa ni yule anayeingia kwenye vidole vya miguu?

La, hasha. Kwa sisi watu wa Kanda ya Ziwa neno funza lina maana zaidi ya moja, kwa kuwa linamtaja kiroboto anayejichimbia chini ya kucha, na pia linamtaja buu wa nzi yeyote anayeonekana kwenye kitu kilichooza. Anayezungumziwa hapa ni buu wa nzi askari mweusi, ambaye wataalamu humwita Hermetia illucens na wafugaji wengi humtaja kwa herufi tatu tu, BSF, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Black Soldier Fly. Asili yake ni bara la Amerika, lakini sasa anaishi karibu kila mahali penye joto duniani, na ukifukua rundo la maganda ya maembe lililokaa kivulini wiki mbili au tatu unaweza kumkuta amejileta mwenyewe. Wengine wamewahi kumwona kwenye vyoo vya shimo bila kujua jina lake. Nzi mwenyewe ana urefu wa milimita 13 hadi 20, ni mweusi na mwembamba kama nyigu, na karibu na kiuno ana madoa mawili yanayopitisha mwanga kama vioo vya dirisha. Haumi, wala hana mwiba.

Asichanganywe pia na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi hadi mtu wa mbali akadhani ni moshi. Hao ni jamii nyingine kabisa na hatuwafugi.

Kufuga nzi si kujiletea kipindupindu nyumbani?

Hofu hii ni ya haki, hasa kwa mji ambao umewahi kuugua kipindupindu, na sipendi inapojibiwa kwa kicheko. Nzi wa nyumbani hueneza magonjwa kwa sababu hula: anatua kwenye kinyesi, kisha anatua kwenye ugali, na anarudia safari hiyo siku nzima. Nzi askari mweusi aliyekomaa hahitaji kula, kwa kuwa nguvu zake zote alizikusanya alipokuwa funza. Hunywa maji, hupandana, jike hutaga, na baada ya wiki moja au mbili hufa. Hana sababu ya kuingia jikoni. Zaidi ya hayo, mahali ambapo funza wake wamejaa, nzi wa nyumbani hukwepa kutaga.

Lakini ukweli huo una sharti. Ukiweka taka nyingi kuliko uwezo wa funza wako, zile zinazobaki zitaoza, nzi wa nyumbani watakuja, na jirani atakuwa na haki ya kulalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa wanaoishi kwenye milima ya mawe kama Mabatini, ambako ukuta wa nyumba moja unagusana na bati la nyumba nyingine, ushauri wangu ni kufugia mahali pengine.

Dagaa wapo tele Kirumba. Kwa nini tuhangaike na wadudu?

Dagaa ni chakula bora cha kuku, na sitamwambia mtu vinginevyo. Dagaa msafi aliyekaushwa ana protini zaidi ya asilimia 50, na mpangilio wa protini hiyo ni mzuri kuliko wa mmea wowote tunaoutumia. Tatizo ni kwamba dagaa huyohuyo ndiye kitoweo cha mtoto wa Shinyanga, wa Tabora na wa hapa Mwanza ambaye wazazi wake hawamudu sato wala sangara. Kila gunia linaloingia kwenye mashine ya kusaga chakula cha mifugo limeshindana na sufuria ya mtu, na anayeshinda ni mwenye fedha. Hilo ndilo lililonifanya nianze kufuga funza, na bado naliona kuwa sababu kubwa kuliko faida ya mfukoni.

Zipo pia sababu za kibiashara. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi uvuvi hupungua kwa kuwa taa hazina nguvu tena ya kuwavuta, hivyo bei hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Msimu wa mvua dagaa hawakauki vizuri. Wengi huvunda, na ndio hao wanaouzwa kwa wafugaji. Tena dagaa wanaoanikwa juu ya mchanga wa ufukweni hubeba mchanga huo hadi kwenye gunia. Chukua kijiko cha unga wa dagaa wa mifugo, utie kwenye glasi ya maji, ukoroge na usubiri dakika chache: utaona mchanga umetulia chini kama sukari isiyoyeyuka. Nimewahi kupima hivyo gunia nililonunua kwa bei kamili, na tabaka la mchanga lilikuwa nene kama kidole. Kuku hatagi yai kwa mchanga.

Funza ana lishe gani hasa?

Funza aliyekaushwa ana protini inayokaribia asilimia 40 ya uzito wake, na mafuta yanayoweza kufika asilimia 30. Namba hizi hubadilika kwa kufuata alichokula, na mafuta hubadilika zaidi kuliko protini: funza wa maganda ya matunda matamu hunenepa mafuta, na funza wa machicha ya pombe huwa na mafuta machache. Anayo kalsiamu nyingi, kiasi cha asilimia 5 hadi 8, kwa sababu huihifadhi kwenye ngozi yake. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ile inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya nazi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Protini hupimwa maabara kwa kuhesabu naitrojeni, na ngozi ya funza ina kitu kiitwacho kitini, ambacho kina naitrojeni lakini si protini. Kwa hiyo kipimo cha kawaida humpa funza alama za juu kuliko anazostahili. Haimaanishi kwamba ni chakula kibaya. Inamaanisha kwamba unapopanga mchanganyiko usihesabu ile asilimia 40 yote kana kwamba ni ya dagaa, uache nafasi kidogo.

Je, kuku wangu wanaweza kula funza peke yake?

Hapana. Kuku anayelishwa funza peke yake atapata mafuta kupita kiasi na atakosa uwiano. Funza ni badala ya dagaa, au badala ya sehemu ya soya na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Si badala ya mahindi, pumba, madini wala vitamini. Kiasi kinachotumika sana katika chakula cha kuku ni asilimia 5 hadi 15 ya mchanganyiko mzima. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2018 uliwalisha kuku wa nyama kwa viwango hivyo, na ukuaji wao haukupungua ukilinganishwa na wale waliolishwa dagaa na soya.

Angalia mambo mawili unapochanganya. Kwanza, funza hana methionini ya kutosha, nayo methionini ni mojawapo ya vijenzi vya protini, ndiyo inayojenga manyoya na yai. Kwa hiyo usiondoe ile inayouzwa madukani kwa kudhani kwamba funza ameziba pengo. Pili, hesabu kalsiamu aliyokuja nayo. Kwa kuku wa mayai kalsiamu hiyo haitoshi, na chokaa lazima iendelee kuwapo. Kwa vifaranga, ambao mahitaji yao ni madogo, funza pamoja na chokaa ileile ya zamani vinaweza kuzidi.

Hapa kwetu mchanganyiko wenye mashudu ya pamba ni wa kawaida kwa kuwa viwanda vya kuchambua pamba viko karibu. Mashudu hayo yana sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo ikizidi hubadili rangi ya kiini cha yai na kudhoofisha utagaji. Nafurahi sana ninapoona mfugaji anapunguza mashudu ya pamba na kuweka funza, maana anapata faida mbili kwa mkupuo mmoja.

Nina kuku mia moja wa mayai. Nahitaji funza kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo ningetamani kila mtu aliulize kabla ya kununua hata beseni moja. Kuku wa mayai mmoja hula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 hula kilo 12. Ukitaka asilimia 10 ya chakula hicho iwe funza waliokaushwa, unahitaji kilo 1.2 kila siku. Funza hai ana maji mengi, na akikaushwa hubaki theluthi moja ya uzito wake au pungufu kidogo, hivyo utahitaji karibu kilo 4 za funza hai kwa siku.

Beseni moja pana lenye funza 10,000 wa umri wa siku tano hula kilo 15 za taka mbichi kwa muda wa siku 12, na likienda vizuri hukupa kilo 2 hivi za funza hai. Maana yake uvune mabeseni mawili kila siku, uwe na mabeseni 24 yanayofanya kazi wakati wote, na upate kilo 30 za taka nzuri kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kilo 30 ni ndoo mbili kubwa zilizoshindiliwa, tena zimebebwa, zimechambuliwa na kusagwa. Mtu akikuambia kwamba mradi huu hauna kazi, mwulize taka zake anabeba nani.

Anayefuga kuku 20 wa kienyeji wanaojitafutia anaweza kuwa na mabeseni matatu tu, akawamwagia konzi za funza hai asubuhi. Mfugaji wa namna hiyo ataona faida haraka kuliko wote, kwa sababu kuku wa kuzurura mara nyingi wanga huupata, protini ndiyo inayowapungukia.

Na samaki wa kwenye mabwawa na vizimba?

Sato na kambale wote hula funza kwa hamu. Kwenye bwawa la nyumbani unaweza kuwatupia funza hai, ukatazama mpaka waache kuparamia, kisha ukaacha kutupa. Kambale, ambaye kwa asili ni mla nyama, hufaidika zaidi.

Vizimba ni habari nyingine. Katika kizimba ziwani, chakula kisichoelea kinazama kwenye nyavu na kupotea chini, na unga unaomwagwa juu ya maji huchukuliwa na mawimbi. Hasara yako hapo inageuka mbolea ya ziwa, na ziwa letu lina mbolea ya kutosha. Ndiyo inayolisha magugumaji na mwani. Kwa hiyo funza wa vizimba ni lazima wasagwe na kutengenezwa kuwa chakula cha punje zinazoelea, na mashine ya kazi hiyo si ya mtu mmoja mdogo. Wenye vizimba vichache wanaweza kuungana katika ushirika au kumpelekea msindikaji unga wa funza. Kwa upande wa kiasi, badilisha sehemu tu ya unga wa samaki, si wote, na pima uzito wa samaki kila wiki mbili kabla ya kuongeza.

Hapa Mwanza funza watakula nini?

Mji wetu hautupi vitu vichache. Kuna maganda ya ndizi, mapapai yaliyopondeka, maembe ya msimu, mabaki ya kabichi na nyanya za masokoni, machicha ya pombe ya viwandani na ya kienyeji, pumba za mpunga zinazotoka mashineni, na mabaki ya samaki. Kila kimoja kina tabia yake. Matunda yana maji mengi na sukari. Machicha yana protini na hukauka haraka. Pumba hazina lishe kubwa lakini hunyonya maji yaliyozidi. Mimi huanza na matunda na mboga, kisha naongeza machicha kwa protini na pumba kwa ajili ya unyevu. Mabaki ya samaki naweka kidogo sana, kwa sababu yakizidi beseni hutoa harufu ambayo hata mwenye banda haivumilii.

Saga au katakata kila kitu. Funza hana meno ya kutafuna. Midomo yake hukwangua na kufyonza, na ganda zima la embe litamshinda mpaka lioze.

Magugumaji yametujaza ufukweni. Je, hayafai?

Ningependa sana yangefaa. Mmea huu umetusumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mtu akiuona umeziba mwalo mzima hutamani ugeuke mali. Lakini una nyuzi nyingi ambazo funza hazimeng'enyi vizuri, kwa hiyo hukua polepole na kubaki wadogo. Kibaya zaidi, magugumaji hufyonza metali nzito kutoka kwenye maji machafu, na funza huyu ana udhaifu wa kulimbikiza kadimiamu mwilini mwake kuliko ilivyokuwa kwenye chakula alichokula. Kilichokuwa kidogo majini kinakuwa kingi kwenye funza, na kutoka hapo kinaelekea kwa kuku na kwa mlaji. Yaacheni, au yatengenezeeni mboji ya maua.

Ni vitu gani vingine havifai kabisa kuwapa?

Usiwape chochote kilichopuliziwa dawa ya wadudu karibuni, chochote kilichotoka karibu na gereji au kwenye uchenjuaji wa dhahabu, wala taka zilizochanganyika na betri, mafuta ya mashine au dawa za hospitali. Kuhusu dawa ya wadudu nasema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilipewa bure na mfanyabiashara mmoja wa mboga viroba vitano vya nyanya na kabichi, nikashukuru, nikagawa jioni kwenye mabeseni 11. Alfajiri nilipofungua mlango sikusikia kitu. Funza wakiwa wazima hutoa mchakacho mwororo kama mvua ndogo inayoanguka kwenye majani ya mgomba, na ukiweka kiganja juu ya beseni unahisi joto lao likipanda. Siku hiyo mabeseni yalikuwa baridi na kimya, na funza wote walikuwa wamenyooka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mboga zile zilipuliziwa siku mbili kabla ya kuvunwa, na nikawaza pia juu ya watu walionunua zilizobaki. Tangu hapo kila taka mpya huijaribu kwenye bakuli dogo lenye funza mia kwa siku nzima kabla ya kuigusisha mabeseni.

Kinyesi cha mifugo ni suala la kufikiria kwa makini. Funza hukila, na hupunguza sana baadhi ya vimelea vilivyomo, lakini hawavimalizi. Kwa funza watakaolishwa mifugo sipendekezi kinyesi cha aina yoyote, na cha binadamu ndiyo kabisa usithubutu. Kinyesi kiachiwe funza ambao kazi yao ni kutengeneza mbolea tu.

Mahindi yenye uvundo nayo huulizwa sana. Funza hawaonekani kulimbikiza sumukuvu ya aflatoksini mwilini, jambo la kumshukuru Mungu, ila mabaki yanayosalia kwenye beseni yasirudishwe kwa mnyama.

Mzunguko wa maisha yake ukoje, na mbegu nazipata vipi?

Jike hutaga mara moja tu, mayai yapatayo 500, kisha hufa. Hatagi juu ya chakula bali kwenye ufa mkavu ulio karibu na harufu ya kitu kinachooza, ili watoto wakitoka waangukie mezani. Ndiyo maana tunafunga pamoja vipande vyembamba vya mbao, tukiacha upenyo mdogo katikati, na kuviweka juu ya ndoo yenye taka zilizochacha. Mayai ni madogo kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya 30,000. Huanguliwa kwa siku tatu au nne. Vifunza hulelewa kwa siku tano kwenye chakula laini, kama pumba zilizoloweshwa au chakula cha vifaranga, kisha huhamishiwa kwenye taka. Baada ya wiki mbili hivi huwa wameshiba na kufikia karibu sentimita 2 na nusu. Wasipovunwa hugeuka rangi ya kahawia iliyokoza, huacha kula, na huanza kutoka wenyewe kutafuta mahali pakavu pa kujifichia wawe pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nzi. Nzi hutoka baada ya wiki mbili au tatu.

Acha asilimia ndogo ya mavuno yako ifike hatua hiyo, kwa ajili ya uzao. Nzi huwekwa kwenye chandarua kikubwa kilichofungwa vizuri, chenye majani ya kutulia na maji ya kunyunyizia. Hapa ndipo wengi wanapokwama: nzi hawa hawapandani gizani. Wanahitaji jua la kweli, na siku za mawingu mazito ya masika mayai hupungua hata ukifanya nini. Chandarua kipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Mbegu ya kwanza ni bora kuipata kwa mfugaji mwenzako unayeweza kufika kwake na kuona, kuliko kuagiza mayai usiyoyaona. Watu wameuziwa funza wa nzi wa nyumbani wakidhani ni hawa. Funza wetu ni bapa, mwenye pingili zinazoonekana wazi na kichwa kidogo kigumu. Yule wa nzi wa nyumbani ni wa mviringo, laini, mweupe na mwenye ncha.

Beseni linanuka. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni maji. Chukua konzi ya taka uikamue: ikidondosha matone machache kati ya vidole ni sawa, ikitiririka imezidi. Ongeza pumba za mpunga, punguza kina kisizidi kiganja kimoja, na usiongeze chakula kipya mpaka cha jana kiishe. Harufu ya beseni zuri ni ya udongo na uchachu kidogo, kama pombe ya kienyeji siku ya pili.

Joto wanalolipenda ni nyuzi 24 hadi 30, na Mwanza hutupatia hilo sehemu kubwa ya mwaka. Usiku wa Juni na Julai hupoa, nao hukua polepole. Funika mabeseni kwa magunia. Mchana wa Septemba chini ya bati tupu huwa hatari zaidi, kwa sababu wao wenyewe huongeza joto, na watatoroka kwa mamia ukutani. Weka dari ya makuti au nyasi.

Sisimizi na mijusi wanawamaliza. Nifanyeje?

Weka miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo juu yake, na uangalie makopo kila asubuhi kwa kuwa jani moja lililoanguka linatosha kuwa daraja. Funika kwa neti. Usipulize dawa ndani ya banda, hata iwe kwa ajili ya mbu.

Nivune, niwaue na kuwahifadhi vipi?

Vuna kabla hawajageuka kahawia, kwa sababu wakigeuka ngozi huwa ngumu na mmeng'enyo hupungua. Ikiwa beseni limekauka vizuri siku mbili za mwisho, mabaki hupita kwenye chekeche na funza hubaki juu. Waoshe, kisha watumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili. Hatua hii isirukwe: inawaua mara moja bila kuwatesa, na inapunguza sana vimelea kama salmonela ambavyo jua peke yake haliwezi kuviondoa. Wengine huwakaanga kwenye mchanga wa moto, njia ambayo siipendi, maana tumekimbia mchanga wa dagaa tukaurudie wenyewe.

Anika juu ya neti iliyoinuliwa, isiwe chini, na ufunike kwa neti nyingine dhidi ya nzi na kunguru. Funza aliyekauka sawasawa huvunjika kwa sauti kama karanga iliyokaangwa. Akipinda bado ana maji. Unyevu ukibaki zaidi ya asilimia 10 ukungu utaingia. Kwa kuwa ana mafuta mengi, akikaa muda mrefu huchacha na kuku humkataa, hivyo tunza kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pa baridi, na usage kiasi cha wiki moja tu.

Mayai na nyama havitabadilika ladha?

Kwa viwango nilivyotaja hapo juu, havibadiliki. Kuku wa kienyeji tangu zamani hula kumbikumbi, panzi na kila kinachotambaa, na ndiye tunayemlipia bei kubwa. Anayepaswa kuogopewa ni dagaa mwingi, ambaye akizidi huacha harufu ya samaki kwenye yai. Wateja wangu wachache kutoka Bukoba, ambao kwao senene ni heshima ya mgeni, hawakuhitaji maelezo hata kidogo.

Sheria inasemaje?

Chakula cha mifugo nchini kinasimamiwa chini ya Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, kwa hiyo anayetaka kuuza chakula kilichochanganywa, tofauti na anayewalisha kuku wake mwenyewe, amwone kwanza ofisa mifugo wa halmashauri yake kuhusu usajili. Jirani zetu wa Kenya walipitisha mwaka 2017 kiwango cha ubora cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa, na mwaka 2021 ukaruhusu kwa kuku na nguruwe, huku ukikataza wadudu hao kulishwa kinyesi au mabaki ya mezani. Anayeota kuuza nje aanze sasa kuandika kwenye daftari kila taka ilikotoka na tarehe iliyoingia.

Mabaki ya kwenye beseni yanafaa kwa nini?

Ni mbolea nzuri, lakini yasiende shambani yakiwa mabichi kwa sababu bado yanaoza na huunguza mizizi. Yalundike kivulini, uyageuze, uyape wiki kadhaa mpaka yapoe na yanukie udongo, kisha uyatumie kwenye mchicha, nyanya au migomba.

Kwa ukweli, mradi huu unalipa?

Unamlipa yule mwenye taka karibu na mifugo karibu. Mama mwenye kuku 60 anayeuza matunda sokoni Igoma ana kila kitu mkononi, kwa kuwa kile alichokuwa akimlipa mkokoteni akitupe sasa kinarudi nyumbani kikiwa na thamani. Haumlipi anayekodi gari kufuata taka mbali, wala anayenunua pumba na machicha kwa bei ya dukani ili awalishe wadudu. Huyo angewapa kuku pumba na machicha hayo moja kwa moja. Anayewaza kuuza funza peke yake bila kuwa na mifugo atafute kwanza mnunuzi aliyekubali bei na kiasi kwa maandishi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni mabeseni matatu, miezi mitatu, na mizani ya jikoni. Pima taka zinazoingia, pima funza wanaotoka, andika pia muda uliotumia kila siku, kisha uweke namba hizo kando ya gharama ya dagaa uliowanunua miezi mitatu iliyotangulia. Mizani hiyo itakujibu vizuri kuliko mimi, na ukishapata namba zako njoo nazo bandani kwangu Kisesa tuzisome pamoja kabla hujanunua beseni la nne.